Seva Inaandika Usiku Kucha, Nani Anasoma?

Taasisi ikitangaza kwamba mfumo wake umeingiliwa, au fedha zimehama kwa njia isiyoeleweka, hapa Dodoma mazungumzo huwa yale yale. Mmoja anasema tulieni, logi zitamuumbua aliyefanya. Mwingine anasema logi zimeshafutwa, hapo hakuna kesi. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ana shemeji anayefanya kazi TEHAMA, anaapa kwamba ofisi zote za Mtumba, mji wa serikali, siku hizi zina mtambo unaosoma kila herufi unayobonyeza. Wanabishana kuhusu logi, yaani kumbukumbu zinazoandikwa na mashine yenyewe, bila kukubaliana kwanza ni kitu gani.

Si ajabu. Maneno haya yametufikia kupitia matangazo ya zabuni na taarifa kwa vyombo vya habari, na hayakuja na maelezo. Mji wenyewe umejaa wizara, vyuo, hospitali, benki na SACCOS za watumishi. Ukishalipia kitu kwa control namba, ukafungua faili hospitalini na kujaza fomu ya mkopo, jina lako limeshakaa ndani ya seva ya mtu, yaani kompyuta kuu inayotunza taarifa. Siku seva hiyo ikiguswa, swali la kwanza ni nani aliigusa, na jibu liko kwenye logi, kama lipo.

Daftari la getini

Ukifika kwenye ofisi nyingi za serikali, mlinzi anakusogezea daftari la wageni. Unaandika tarehe, jina, unakotoka, unayekwenda kumwona, namba ya simu, muda wa kuingia, kisha unaweka sahihi. Ukitoka unajaza muda wa kutoka, kama hujasahau. Daftari hilo halijui mlizungumza nini ndani wala kama uliondoka na faili kwapani. Linachojua ni kwamba mtu aliyejitambulisha kwa jina fulani alipita getini saa fulani.

Logi ni daftari la namna hiyo, ila linaandikwa na mashine yenyewe, mstari baada ya mstari, usiku na mchana. Seva ya barua pepe inaandika nani kafungua sanduku lake. Fayawoli, yaani kizuizi kinachokaa kati ya ofisi na intaneti, inaandika mawasiliano iliyoyaruhusu na iliyoyakataa. Mfumo wa fedha unaandika akaunti gani imeidhinisha malipo gani. Mstari mmoja huwa na muda, jina la kifaa, akaunti iliyohusika, anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) ambako ombi limetoka, na kilichotokea. Kwa Kiswahili cha kawaida ungesomeka hivi: 02:13:07, seva ya fedha, akaunti mhasibu2, kutoka 10.20.4.17, nywila si sahihi.

Mstari huo peke yake haukwambii kitu. Watu husahau nywila kila siku, hasa Jumatatu. Lakini mistari 40 ya aina hiyo ndani ya dakika mbili, ikifuatiwa na mmoja unaosema ameingia, hiyo ni habari nyingine kabisa. Na 02:13 ya mashine, kama imewekwa saa ya hapa, ni saa nane na dakika 13 usiku. Mhasibu gani huyo?

Sasa chukua jengo lenye mageti manne, kila geti na daftari lake. Mtu anakataliwa geti la kwanza kwa kukosa kitambulisho. Anazunguka hadi la pili, anajitambulisha kwa jina lingine, anakataliwa. La tatu vivyo hivyo. La nne anamkuta mlinzi mchovu, anapita. Kila mlinzi ameandika alichokiona, hakuna aliyedanganya, lakini hakuna hata mmoja aliyemwona mtu mmoja akizunguka jengo zima. Ili umwone, lazima madaftari manne yawekwe mezani pamoja na mtu ayasome kwa kufuata saa.

Kuyaleta madaftari mezani ndiko kunaitwa usimamizi wa logi: kuzikusanya, kuzihifadhi mahali salama, kuamua zikae muda gani na nani aziguse. Kuyasoma kwa pamoja, kila siku, ili kumwona anayezunguka kabla hajafika geti la nne, ndiko kunaitwa ufuatiliaji wa matukio ya usalama. Ni kazi mbili tofauti, na taasisi nyingi zinazosema zina ya pili hazijamaliza hata ya kwanza.

Logi zisikae alipo mwizi

Agosti 1986, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mwanaastronomia Clifford Stoll alipewa kazi ndogo ya kutafuta senti 75 za dola. Siku hizo muda wa kutumia kompyuta ulilipiwa, na hesabu mbili za mfumo zilikuwa zimetofautiana kwa kiasi hicho. Mtu wa kawaida angezifuta senti 75 akaenda kunywa chai. Stoll alifuatilia, akakuta akaunti isiyokuwa na mwenyewe. Badala ya kuifunga, aliunganisha printa kwenye laini za simu zilizoingia maabara, ili kila alichokiandika yule mgeni kichapwe kwenye karatasi. Baada ya miezi ya kumfuatilia, mgeni akajulikana: Markus Hess, kijana wa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akipenya kwenye kompyuta za kijeshi za Marekani na kuuza alichokipata kwa KGB.

Hadithi hiyo hupendwa kwa sababu ya majasusi. Mimi naipenda kwa sababu ya printa. Hazikuwa ndani ya kompyuta iliyoingiliwa, zilisikiliza waya. Hess angeweza kufuta faili zote alizozikuta, lakini karatasi asingeifikia, na wala hakujua ipo.

Miaka 30 baadaye, Benki Kuu ya Bangladesh iliuonja upande wa pili. Alhamisi ya tarehe 4 Februari 2016, wadukuzi waliokuwa wamejificha ndani ya mtandao wa benki hiyo walituma maagizo 35 ya kuhamisha karibu dola milioni 951 kutoka kwenye akaunti yake iliyoko Federal Reserve ya New York. Mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino na sehemu kubwa haikurudi. Benki haikukosa kumbukumbu. Ilikuwa nazo kwenye kanzidata, na ilikuwa na printa iliyochapa yenyewe miamala ya SWIFT, mfumo ambao benki hutumiana maagizo ya malipo. Programu ya wadukuzi ilizifuta kumbukumbu na kuinyamazisha printa. Ijumaa, ambayo kule ni siku ya mapumziko, watumishi wa zamu waliona printa haichapi, wakadhani ni ubovu wa kawaida. Nani hajawahi kudhani hivyo kuhusu printa? Lakini printa ile ilikuwa ikipata habari zake kutoka kwenye kompyuta ambayo tayari imetekwa, kwa hiyo nayo ilikuwa imetekwa.

Kwa hiyo yule rafiki yetu wa kijiweni anayesema logi zimeshafutwa anaweza kuwa sahihi, iwapo ziliachwa mahali zilipoandikiwa. Kanuni ya kazi hii ni kwamba mstari ukiandikwa, nakala yake iondoke sekunde ile ile kwenda kwenye seva nyingine, yenye akaunti zake na nywila zake, ambayo hata msimamizi wa mfumo wa fedha hana ruhusa ya kufuta kitu ndani yake. Mwizi akija kufuta, anafuta nakala ya nyumbani tu. Na kufuta kwenyewe kunaandikwa: kwenye Windows, logi za usalama zikisafishwa, mfumo unaandika tukio namba 1102 likiwa na jina la akaunti iliyosafisha. Mstari huo ukishatoka kwenda seva ya pili, hauwezi kurudishwa.

Tena mara nyingi hakuna mwizi anayehitajika ili logi zipotee. Faili la logi za usalama kwenye kompyuta nyingi za Windows, kama halijaguswa tangu kiwandani, lina ukubwa wa MB 20. Likijaa, mistari ya zamani inafutwa kupisha mipya. Kwenye seva yenye pilikapilika hilo linaweza kutokea ndani ya siku chache. Ruta ndogo za ofisi ndiyo kabisa: nyingi huweka logi kwenye memori ya muda, na umeme ukikatika, kila kitu kimekwenda. Sihitaji kumweleza mkazi wa mji huu umeme hukatika mara ngapi.

Saa ya mashine, saa ya ukutani, saa yetu

Hapa pana tatizo linalotuhusu sisi kuliko vitabu vingi vya usalama vinavyosema.

Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa ambayo seva nyingi huitumia kuandika logi. Juu ya hapo, sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi jua linapochomoza. Tukio moja linakuwa na sura tatu: seva imeandika 05:40, saa ya ukutani ni 08:40, na mhasibu akiulizwa anasema ilikuwa saa mbili na dakika 40. Mkaguzi asiye makini anasoma 05:40, anaona alfajiri, anauliza nani alikuwa ofisini alfajiri, na anaanza kumwandama mlinzi wa usiku. Kumbe tukio lenyewe lilitokea wakati ofisi imejaa watu, na mlinzi alishakabidhi zamu, yuko zake Nkuhungu amelala.

Ongeza vifaa ambavyo saa zake haziendi sawa. Fayawoli iko mbele dakika nne, seva iko nyuma dakika saba, kompyuta ya mapokezi batri yake ya ndani imekufa, kila umeme ukikatika inarudi mwaka mwingine kabisa. Ukiweka logi zao mezani pamoja, matokeo yanatangulia sababu: mtu anaonekana amehamisha faili kabla hajaingia kwenye mfumo. Wakili wa utetezi akiiona karatasi hiyo atacheka mbele ya hakimu.

Dawa yake ipo tangu miaka ya 1980, ilitengenezwa na David Mills, inaitwa NTP. Ni utaratibu wa vifaa vyote kuulizia saa kutoka chanzo kimoja na kujirekebisha vyenyewe. Imo ndani ya karibu kila kifaa cha mtandao, haina malipo, na kuiwasha kwenye ofisi ya kawaida ni kazi ya mchana mmoja. Taasisi inayoniambia inataka kununua mfumo wa ufuatiliaji, ningeanza kwa kuomba kuona saa za vifaa vyake vitano tu.

Mtambo unaosoma

Hakuna binadamu anayeweza kusoma logi zote. Taasisi ya ukubwa wa kati ikizalisha mistari 100 kwa sekunde, kiwango ambacho si kikubwa, kwa siku moja ina mistari milioni 8.64. Ndiyo maana kuna programu za kusoma kwa niaba yetu, na zinaitwa SIEM, jina lililoanza kutumiwa na wachambuzi wa kampuni ya Gartner mwaka 2005. Huu ndio mtambo anaouzungumzia yule mwenye shemeji.

Hauna macho ya ajabu. Unapokea logi kutoka kila kona, unazipanga ziwe na umbo moja (kwa kuwa kila mtengenezaji ana namna yake ya kuandika tarehe na majina), unazilinganisha na kanuni ulizopewa, na kanuni ikiguswa unapiga kengele. Kanuni zenyewe huwa ni akili ya kawaida iliyoandikwa kwa ukali. Akaunti moja ikikosea nywila mara 20 kisha ikafanikiwa, piga kengele. Akaunti mpya yenye madaraka ya usimamizi ikiundwa saa za usiku, piga kengele. Mtumishi aliyestaafu mwezi uliopita akionekana ameingia, piga kengele, na mpigie simu afisa utumishi umuulize kwa nini akaunti bado iko hai.

Kanuni ninayoithamini zaidi huwa haimo kwenye orodha za wauzaji: ukimya. Seva iliyozoea kutuma mistari 50,000 kwa siku ikituma sifuri, hiyo ni dalili kubwa kuliko kelele yoyote. Ama imezimika, ama mtu ameiziba mdomo. Kule Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, printa iliyonyamaza ndiyo iliyokuwa kengele.

Kanuni nyingine inayotajwa sana ni ya safari isiyowezekana. Akaunti ya mtumishi imeingia kutoka ofisini Dodoma saa nne asubuhi, kisha dakika 20 baadaye imeingia kutoka Dar es Salaam. Treni ya SGR inataka zaidi ya saa tatu, kwa hiyo kuna watu wawili kwenye akaunti moja. Kabla hujamwita mtu kwenye kikao, subiri. Kampuni za simu huweza kupitisha intaneti ya wateja wa mikoani kupitia mitambo iliyo mbali nao, na orodha zinazokisia mahali kwa kutumia anwani ya IP mara nyingi huandika mahali pa mtambo. Mtumishi aliyetoka nje kunywa chai Area D na kufungua barua pepe kwa bando la simu anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam. Mtambo haujui hilo. Anayelijua ni mtu wa hapa, anayezielewa tabia za mtandao wa hapa, na ndiye anayepaswa kuandika kanuni upya.

Bila mtu huyo, kengele zitalia hadi zizoeleke. Mwishoni mwa 2013, maduka ya Target ya Marekani yalipoteza taarifa za kadi milioni 40 za wateja. Wezi waliingia kwa nywila za mkandarasi aliyekuwa akihudumia mashine za kupoozea. Kampuni ilikuwa imenunua mfumo wa kisasa wa kugundua uvamizi, na mfumo uligundua: ulitoa tahadhari tarehe 30 Novemba, kabla wizi haujafika mbali. Tahadhari ilisomwa, ikapelekwa mbele, haikufanyiwa kazi. Mfumo ulifanya kila ulicholipiwa.

Kwa hiyo ukisoma kwenye gazeti kwamba taasisi fulani imezindua kituo cha kufuatilia usalama wa mtandao, uliza idadi ya watu. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya kazi saa 40, unahitaji watu wanne na ushei ili kiti kimoja kisibaki wazi, na hapo hakuna aliyekwenda likizo, kuugua wala kwenda kuzika. Taasisi nyingi za hapa zina maafisa TEHAMA wawili, na hao hao ndio wanaobadilisha wino wa printa na kuunganisha projekta kwenye vikao. Kuwapa mtambo wenye kengele 3,000 kwa siku ni kuwaonea. Afadhali kengele kumi zilizochaguliwa vizuri, ambazo kila moja ikilia mtu anasimama, kuliko skrini kubwa ukutani inayopendeza wageni rasmi.

Akaunti si mtu

Turudi kwa rafiki wa kwanza, anayeamini logi zitamuumbua mhusika. Hili ndilo kosa linaloumiza watu wasio na hatia.

Logi inaandika akaunti, kama daftari la getini linavyoandika jina ulilojitajia. Kama umejiandikisha kwa jina la jirani yako, daftari litamtaja jirani. Na ofisi zetu zinajuana. Bosi yuko safarini, anapiga simu kwa katibu muhtasi: "Dada, hebu ingia kwa jina langu uidhinishe hiyo, mzabuni ananisumbua." Dada atafanya nini? Anaingia, anaidhinisha. Logi inaandika kwamba bosi ameidhinisha malipo, kutoka kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, wakati bosi yuko Arusha. Mwaka mmoja baadaye wakaguzi wanafika. Bosi anasema si yeye. Katibu muhtasi anasema aliagizwa, lakini agizo lilikuwa la mdomo. Wote wawili wanasema kweli, na logi nayo inasema kweli, na hakuna anayeweza kulithibitisha hata moja.

Ubaya zaidi uko kwenye akaunti zisizo na mwenyewe: admin, mapokezi, ofisi1. Zinatumiwa na watu watano, nywila imebandikwa chini ya kibodi, na anayehama kituo anaondoka nayo kichwani. Hapo hata ukinunua mtambo wa mabilioni, utakachopata ni ripoti nzuri inayosema admin ndiye aliyefanya.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini inaipa mahakama mambo ya kupima kuhusu uzito wake: ulitengenezwa na kuhifadhiwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, haujachezewa, na aliyeuanzisha alitambuliwaje. Logi zilizokaa kwenye kompyuta ya mtuhumiwa mwenyewe, zenye saa zisizolingana, chini ya akaunti ya watu watano, zinajikwaa kwenye vipimo vyote vitatu. Kila mtu kuwa na akaunti yake, na mifumo ya fedha kudai uthibitisho wa pili kama namba inayotumwa kwenye simu, kunazipa logi thamani kuliko programu yoyote.

Je, tunapelelezwa?

Kwa kawaida hapana, si kwa namna inayosemwa kijiweni. Kurekodi kila herufi unayobonyeza ni kazi ya programu za aina nyingine. Logi za kawaida zinasema akaunti yako ilifungua rekodi fulani saa fulani. Hazina habari na ulichomwandikia mwenzako kwenye WhatsApp.

Lakini wasiwasi huo usipuuzwe. Logi zikikusanywa mahali pamoja zinachora siku nzima ya mtu: anafika saa ngapi, anatembelea tovuti gani, anaingia kwenye mifumo usiku akiwa wapi. Hizo ni taarifa binafsi, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Mwajiri anayekusanya logi anatakiwa awe na sababu inayoeleweka, asitumie kilichokusanywa kwa ajili ya usalama kumvizia mtu asiyempenda, na awalinde anaowakusanyia. Kuwaambia watumishi mapema, kwa maandishi, kwamba kuna logi na nani anaruhusiwa kuziona, hakugharimu kitu na kunaua umbea mwingi. Upande wa pili, sheria hiyo inamtaka mkusanyaji kuiarifu Tume usalama wa taarifa unapovunjwa. Bila logi utaiarifu nini? Hujui ni wagonjwa 12 au 12,000 waliofunguliwa mafaili.

Logi zenyewe pia zinaweza kuvuja. Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake wote zaidi ya milioni 300 wabadilishe nywila, kwa sababu hitilafu ilikuwa ikiziandika nywila zao wazi wazi kwenye logi za ndani. Mtengenezaji wa programu asipokuwa mwangalifu, daftari la kumkamata mwizi linakuwa orodha ya funguo.

Gharama, na muda wa kuhifadhi

Watu huogopa bei. Tuhesabu. Ile taasisi ya mistari 100 kwa sekunde, kila mstari ukichukua baiti 500, inazalisha GB 4.3 kwa siku, yaani TB 1.6 kwa mwaka. Logi ni maandishi yanayojirudia, zikibanwa hupungua sana, mara nyingi hadi sehemu ya kumi. Hiyo inaingia kwenye diski inayouzwa madukani. Programu zipo za bure: Wazuh, kwa mfano, inatumika duniani kote na haina malipo ya leseni. Gharama kubwa ni mshahara wa anayeiendesha.

Palipo na leseni, angalia inakata wapi. Mwaka 2023 wadukuzi walisoma barua pepe za maofisa wa serikali ya Marekani zilizohifadhiwa kwa Microsoft. Waliogundua walikuwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, kwa sababu ilikuwa imelipia kiwango cha juu chenye logi za kina. Wasiolipia wasingeona kitu. Baada ya lawama, Microsoft iliwafungulia wateja wengi zaidi logi hizo na kuongeza muda wa kuzihifadhi kutoka siku 90 hadi 180. Taasisi yako ikikodi huduma ya barua pepe, muulize muuzaji logi gani zimo kwenye bei na zinakaa siku ngapi.

Siku ngapi zinatosha? Kiwango cha kimataifa cha wanaoshughulikia kadi za benki kinataka miezi 12, na mitatu ya karibuni iwe tayari kusomwa papo hapo. Mtu anaweza kuona ni mingi. Lakini wadukuzi wa Dhaka walianza kutuma barua pepe zao za mtego Januari 2015, mwaka mzima kabla ya wizi. Mwenye logi za siku 90 angeona wizi, asingeona mlango.

Siku likitokea

Siku hiyo adui mkubwa wa logi huwa fundi mwenye nia njema. Kompyuta imeonyesha mambo ya ajabu, fundi anaitwa, anaitazama dakika mbili, anasema dawa ni kupiga window upya. Bosi anafurahi, kazi inaendelea jioni ile ile, na kila kilichoandikwa kuhusu aliyeingia kimefutwa kwa mkono wa mwenye mali.

Chomoa kebo ya mtandao au zima Wi-Fi, lakini acha umeme, kwa kuwa vilivyo kwenye memori hupotea kompyuta ikizimwa. Andika saa kwenye karatasi, ukitaja ni saa ipi kati ya zile tatu. Nakili kwenye diski ya nje logi za kifaa hicho, za fayawoli na za seva zilizowasiliana nacho, na aliyenakili aandike jina na kusaini. Kama ni taasisi ya umma, Mamlaka ya Serikali Mtandao ijulishwe. TZ-CERT, kitengo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), kinashughulikia matukio ya aina hii. Palipo na wizi, polisi. Palipoguswa taarifa za watu, Tume. Nakala zikishatoka na kufungiwa kabatini, fundi anaweza kupiga window yake.